Karani Aliyeandika Kila Mtu

Sijui Karani alizaliwa wapi wala ni mwana wa nani. Nimeanza na hilo makusudi, maana watu wakitaka kumjua mtu huanzia hapo, na mimi hilo sinalo. Ninayo mengine. Nimemjua miaka kumi na tisa hapa Doha, na mtu akiniambia yuko anayemjua zaidi yangu, ukimtoa binti yake, namkaribisha karakanani kwangu tubishane.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tano. Nalisema bila haya, kwa sababu nimewaajiri waliosoma mpaka chuo kikuu na wananiita bosi. Nilifika hapa na ndoo na tambara, nikiosha magari ya watu kwenye milango ya nyumba zao kabla jua halijakuwa kali. Leo nina karakana mbili eneo la viwanda, na magari ya wakaazi wa The Pearl yanaoshwa chini ya maghorofa yao na vijana waliovaa shati lenye jina langu mgongoni. Sikubebwa na mtu. Karani hudai kwamba kila barua iliyonifikisha nilipo aliipiga chapa yeye. Kupiga alipiga, sikatai. Lakini maneno yalikuwa yangu.

Kazi yake ilikuwa hiyo, kupiga. Pale mtaa wa Najma, kati ya kinyozi na duka la mchele, kuna kiduka cha kuchapia fomu, na ndani yake kulikuwa na meza tatu. Mbili za vijana wa Kihindi wanaochapa Kiarabu kama mvua ya mawe, na ya tatu, ya pembeni karibu na feni, ya Karani. Watu wetu walikwenda kwake: walinzi, madereva, akina dada wa majumbani, wauguzi. Aliwaandikia maombi, malalamiko, barua za kuomba likizo, barua za kumpigia magoti kafili, yule tajiri aliyekudhamini kuingia nchini. Shati lake lilikuwa limenyooshwa kila siku, na mfukoni lilikuwa na kalamu tatu: ya bluu, nyeusi na nyekundu. Ya bluu ilikuwa ya rasimu, nyeusi ya sahihi. Ile nyekundu sikuwahi kuiona ikifunguliwa.

"Hiyo nyekundu ni ya nini?" nilimuuliza siku moja.

"Ya kusahihisha makosa."

"Mbona hujaitumia?"

Akanitazama juu ya miwani. "Kwani umeniona nikikosea?"

Huyo ndiye Karani. Nami najulikana kwa kujisifu, lakini mimi hujisifu kwa nilichofanya. Yeye alijisifu kwa asichofanya.

Swali lake la kwanza kwa kila mtu lilikuwa moja. Hakuuliza unataka nini. Aliuliza: "Wa wapi?" Ukijibu Kenya, anaguna, maana hilo amelisoma kwenye pasipoti. "Kenya ya wapi? Kwa nani? Na kabla ya hapo?" Nilikuwepo siku alipokuja mlinzi mmoja, kijana wa Nairobi mwenye mabega kama mlango.

"Mimi ni wa Kayole, mzee."

"Kayole si kabila."

"Basi weka Kayole. Huko ndio kwetu, wasee wote wananijua."

"Baba yako alitoka wapi?"

"Alitoka kazini akaenda, hakurudi. Mzee, si uniandikie tu hii barua ya likizo? Zamu yangu inaanza saa kumi."

Sote tulicheka, hata vijana wa Kihindi ambao hawakuelewa. Karani hakucheka. Aliandika barua, akampa, na kijana alipotoka akaniambia kwa uchungu wa kweli, "Umeona? Mtu mzima, na hana ukurasa."

Ukurasa. Neno hilo alikuwa nalo mdomoni kama wengine walivyo na kijiti cha meno. Alilitoa mbali. Ujanani, kabla ya uhuru, alikuwa karani wa mudir, ofisa mdogo wa serikali, katika mji wetu kule kusini mwa Pwani karibu na mpaka, akiandika watu kwenye daftari. Sikumjua huko, nilikuwa bado sijazaliwa. Tulijuana hapa, na siku aliposikia natoka mji ule aliniambia nyumba yetu ilikuwa mtaa gani, ilitazama upande gani, na mti wa mlangoni ulikuwa mti gani. Mti ule mimi niliukuta kisiki.

Alikuwa na namna yake ya kueleza jimbo lile la Waingereza lilivyoendeshwa, na alieleza kwa vikombe. Chai ya karak ikija kwenye vile vikombe vidogo vya karatasi, alivikusanya vikiisha akavipanga mezani. Hiki Gavana, yuko Nairobi, hajui hata bahari ina rangi gani. Hiki Bwana wa Jimbo, yuko Mombasa. Hiki DC. Sasa hapa, anasema, njia inagawanyika, na anaweka vikombe viwili sambamba. Huyu ni liwali na chini yake mudir, wa Waarabu na Waswahili wa mwambao, kwa sababu ile ardhi ya ufukweni kwa jina ilikuwa ya Sultani na bendera yake nyekundu ilipepea. Na huyu ni chifu, wa Wadigo na wengine wa bara kidogo. Barabara moja, watu walewale, wanaoana, wanazikana. Wa upande huu wa barabara kesi yake kwa mudir, wa upande ule kwa chifu.

"Na anayekaa katikati ya barabara?" niliuliza.

"Huyo nilimwandika mimi," alisema, akanywa tone lililobaki kwenye kikombe cha Gavana.

Alijua waliokuwemo wote. Wavumba na heshima zao, Wasegeju, Wadigo ambao ndio wengi, Wapemba waliokuja na nyavu wakabaki, Washirazi, Waarabu wa Oman na Washihiri wauza kahawa, Wahindi wenye maduka, Wakamba waliokuja kununua pembe wakaoa. Alisema serikali ilitaka kila mmoja awe na neno moja, kwa sababu kodi ilitegemea neno lile, na mahakama ilitegemea neno lile, na wakati wa dhiki hata mchele ulitegemea neno lile. "Mtu alikuwa anaingia ofisini kwangu na mababu wanne," alisema, "anatoka na mmoja."

Ajabu ni kwamba alilichukia jambo hilo. Alisema ule ulikuwa uhuni wa watu wenye suti. Nami nikamwambia, kama ni uhuni mbona wewe mpaka leo unawauliza watu kabila lao na wamekuja kuombewa likizo tu? Halafu akaniuliza kama najua kwamba hata hapa Doha palikuwa wilaya ya Mturuki, chini ya jimbo la Basra, na kulikuwa na kaimakamu. "Huku kaimakamu, kwetu mudir. Kiti ni kilekile." Alikuwa hivyo. Ukimbana, anahamia dola nyingine.

Tena huyu mtu wa ukurasa na ukweli alikuwa mwongo kwa mkono wake. Mlinzi wa lango akitaka kazi mpya, Karani anaandika msimamizi wa usalama. Dada aliyekuwa akimenya vitunguu anaandikwa mpishi msaidizi mwenye uzoefu. Kijana wangu mmoja, kazi yake kufuta vioo, alimwandikia mtaalamu wa mng'aro wa magari, na karatasi ile ikamtoa kwangu ikampeleka hoteli kubwa. Nilikwenda Najma nimefura.

"Umeniibia mfanyakazi kwa uongo!"

"Ombi ni maneno ya mtu mwenyewe," alinijibu, akipuliza chai. "Daftari ni maneno ya serikali. Kwenye daftari sijawahi kuongeza nukta."

Sasa nifike kwenye jambo langu, maana ndilo lililonifanya nimjue Karani kweli.

Ukutani kwangu ofisini palikuwa na karatasi kwenye fremu ya dhahabu. Ni nakala ya daftari la zamani la mji wetu, ina muhuri, niliitafuta mwenyewe nilipokwenda likizo mwaka mmoja biashara iliposimama. Ina jina la babu yangu. Kazi: mkwezi. Kabila: Mwarabu. Baba yangu alikuwa akituambia hivyo tangu wadogo, na hapo nikapata ushahidi. Niliitundika mahali ambapo mgeni akikaa lazima aione. Mandub wangu, yule anayenizungushia karatasi maofisini, alipoisoma alinikumbatia, akasema wallahi nilijua wewe ni wetu. Katika mji ambao kila mtu anapangiwa kazi kwa pasipoti yake, Mkenya langoni, Mnepali kwenye ujenzi, mimi nilikuwa na karatasi inayosema nilifika hapa kama mtu anayerudi. Iliniongezea urefu. Sitadanganya.

Karani alipoiona mara ya kwanza alisimama mbele yake muda mrefu kuliko unaohitajika kusoma mistari mitatu.

"Mwandiko mzuri," alisema.

"Umeona? Mwarabu!"

"Nimeona. Mkwezi." Akaenda zake, na chai hakumaliza.

Mwaka jana mwanangu wa kwanza, anayekaa na mama yake kule nyumbani, alitimiza umri wa kuchukua kitambulisho. Kwenye fomu pana nafasi ya kabila. Akaandika alivyofundishwa na baba yake. Mji wetu uko mpakani, na watoto wa huko wakiomba kitambulisho huitwa mbele ya kamati ya wazee na maofisa. Wakamwambia: Mwarabu wa wapi? Babu yako alikuja lini, na karatasi gani? Mtoto akatoa picha ya fremu yangu kwenye simu. Wakasema vizuri, umetuthibitishia wewe ni mgeni, sasa tuthibitishie ulikuwaje raia. Fomu ikawekwa kando.

Bila kitambulisho mtoto hawezi kusajiliwa chuo, hawezi kufungua akaunti, hawezi hata kununua laini ya simu kwa jina lake. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uhandisi wa mitambo. Mtoto wa mtu wa darasa la tano! Na chuo kilisema kinamngoja muhula mmoja tu. Mama yake alinipigia akilia. "Huo Uarabu wako," aliniambia, "njoo uuondoe."

Nikasema hili ni jepesi, Karani yuko. Alikuwepo, alikuwa karani wa mahali penyewe. Aandike tu kwamba alimjua babu, kwamba alikuwa mwenyeji. Nilikwenda Najma na boksi la halua.

"Karani, ni mistari mitatu."

"Mistari mitatu ndiyo inayokaa."

"Ulimjua babu yangu au hukumjua?"

"Nilimjua. Alikuwa na kovu la panga gotini."

"Basi andika!"

"Niandike nini? Kwamba daftari la serikali ni la uongo?"

"Andika sisi ni Wadigo. Nyumbani tulisema Kidigo. Bibi yangu hakujua Kiarabu zaidi ya cha kwenye sala."

"Bwana Tajiri," alisema polepole, "wiki iliyopita ulikuwa Mwarabu."

Vijana wa Kihindi waliacha kuchapa. Nilichukua halua yangu nikaondoka.

Nilirudi. Miezi minne nilirudi. Mimi, ambaye wenye magari ya mamilioni hunisubiri, nilikaa kwenye benchi la plastiki kati ya watu wanaoomba likizo. Nilimtuma mlinzi wa Kayole akambembeleze, akarudi na jibu kwamba yeye mlinzi aende kwanza akamtafute baba yake. Nilimtuma imamu. Nilimtuma muuguzi mmoja wa Kikristo ambaye Karani anamheshimu. Kila mmoja alirudi na neno lilelile: daftari halifutwi. Mtu huyu alikuwa ameandika uongo wa nusu ya Wakenya wa Doha ili wapate riziki, na kwangu, kwa jambo la kweli, akawa mlinzi wa ukweli. Nilimwita majina. Nilimwambia yeye bado ni mtumwa wa mudir aliyekufa zamani. Alisema, "Huenda," akaita mtu anayefuata.

Halafu binti yake akanipigia. Anafanya kazi ya uuguzi, na Karani alikuwa akiishi kwake, mtaa wa Al Thumama. "Kaka," alisema, "Baba haendi dukani tena. Goti limekataa. Na anakutaja. Njoo, na uje bila kelele."

Nilikwenda baada ya sala ya alasiri. Ndege zilikuwa zikipita juu ya nyumba, chini kabisa, vikombe vikitetemeka. Alikuwa amekaa kwenye meza ya chakula, shati limenyooshwa, kalamu tatu mfukoni, na vikombe vya karatasi vimepangwa mbele yake. Gavana, Jimbo, DC. Hakunisalimu.

"Ukurasa wa wenyeji ulikuwa umejaa," alisema.

"Ukurasa upi?"

"Daftari lilikuwa moja lenye sehemu mbili. Mbele Waarabu na wengine, nyuma wenyeji. Siku ile watu walipanga mstari tangu asubuhi, na kurasa za nyuma zikaisha. Daftari jipya lilikuwa linakuja kutoka Mombasa. Nikamwambia babu yako arudi Jumatatu. Akasema Jumatatu ana minazi ya watu, haji ng'o. Mudir alikuwa amelala. Nikasema basi, nitakuweka huku mbele kwa muda."

"Kwa muda!"

"Kwa muda. Daftari jipya lilipokuja nilitakiwa kuwahamisha. Walikuwa watu kumi na mmoja. Nilisema kesho. Kesho ikawa uhuru, mudir akaondoka, ofisi ikafungwa."

Ndege nyingine ikapita. Nilisubiri ngurumo iishe.

"Kwa hiyo mimi si Mwarabu."

"Wewe ni mjukuu wa mkwezi aliyekuwa na haraka."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono ulinyanyuka. Miaka yote nimemwambia kila mgeni, nimemwambia mandub, nimewaambia wanangu, na mwandiko ule mzuri ukutani ulikuwa wake, na alikaa chini yake akanywa chai yangu. Na miezi minne ile, mtoto anangoja, huyu mzee alikuwa hakatai kudanganya. Alikuwa anakataa kukiri.

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu nimesema maisha yangu yote kwamba sikukosea." Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akaifungua mbele yangu, akajaribu kuandika kwenye karatasi. Haikutoa kitu. Akaitikisa, akaipuliza, akaijaribu tena mpaka karatasi ikachanika. Ilikuwa imekauka.

Binti yake akaleta kompyuta. Akaipiga barua kwa vidole viwili, yote, ukurasa uliojaa, Jumatatu, watu kumi na mmoja, na sahihi nyeusi chini. Mwishoni akaandika kwamba mtu yule alikuwa Mdigo na alizungumza naye Kidigo. Halafu akasema barua haitoshi, kamati itataka mkono ulioandika.

"Nitakwenda mwenyewe. Na ile karatasi ya ukutani uniletee, niifungue mbele yao."

Hilo lilinichoma kuliko yote. Nilijua zamu ya karatasi ile ingekuja. Asubuhi ya safari niliishusha fremu mwenyewe, nikaifunga kwa gazeti. Mandub alikuwepo. Akauliza inakwenda wapi. Nikamwambia inarudi kwa mwenyewe.

Nilimpeleka uwanja wa ndege kwa gari langu bora. Alikaa na fremu mapajani, hakutaka iwekwe nyuma. Njiani nikamuuliza, kwa utani, ingawa bado nilikuwa na hasira, "Na wewe ulijiandika ukurasa gani, mbele au nyuma?"

Akatazama nje. "Sikujiandika. Karani huandika wengine."

Nikadhani ni maringo yake ya kawaida.

Kitambulisho cha mwanangu kilitoka. Mtoto ananiambia Karani alisimama mbele ya kamati kama yuko mbele ya DC, akafungua fremu, akasema kosa ni langu, na wazee wawili wakaanza kulia kwa sababu baba zao walikuwa katika wale kumi na mmoja. Mwanangu yuko chuoni sasa. Kuna Mdigo mhandisi anakuja, na ni wangu.

Lakini kamati ilipomaliza na mtoto, ofisa mmoja kijana alimgeukia shahidi. Mzee, kitambulisho chako? Akatoa cha zamani, karatasi iliyokunjwa mara nne. Ofisa akasema hiki hakimo kwenye mtambo. Wa wapi wewe? Kwa nani? Na kabla ya hapo?

Mwanangu anasema mzee aliiacha karatasi mezani, akatoka kukaa kwenye benchi.

Wamezuia pasipoti na karatasi zake mpaka apatikane mtu anayemjua, aandike ushahidi. Miezi inakwenda, na mtu wa Doha akikaa nje zaidi ya nusu mwaka ukaazi wake unakufa. Binti yake hajui zaidi ya jina la Karani mwenyewe. Mama yake binti, mke wa Karani, alipouliza, aliambiwa ayaache. Nimepiga simu mji mzima. Hakuna anayekumbuka alikotoka. Wote wanakumbuka kwamba aliwaandika.

Juzi nilizungumza naye kwenye simu ya mwanangu, kwa picha. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ile, kati ya watu wenye fomu, shati limenyooshwa. Mfukoni kalamu zilikuwa mbili.

"Karani, niambie tu. Ulizaliwa wapi? Baba yako nani? Niambie nimalize hili leo, mimi nina watu."

"Bwana Tajiri, kama ningekuwa na hilo, ungekuwa umeshalijua."

"Sasa mimi nitaandika nini?"

"Andika unachokijua," alisema. "Usichokijua, sema hukijui. Na usiniandikie msimamizi."

Mtu aliyekuwa mbele yake kwenye foleni akaitwa, naye akasogea nafasi moja kwenye benchi. Simu ikakatika.

Nilikwenda Najma kwa kile kiduka, nikakaa kwenye meza ya pembeni karibu na feni. Kijana wa Kihindi alitaka kunichapia, nikamwambia hapana, hii naandika kwa mkono. Mtu wa darasa la tano, kalamu ya bluu. Sentensi ya kwanza ilinitoa jasho kuliko gari lolote nililowahi kuosha, kwa sababu ilikuwa lazima iwe ya kweli. Niliandika kwamba sijui alizaliwa wapi wala ni mwana wa nani.